Koti la Kompyuta ya Mzee Bulle

Amino alipita mbele ya mtungi wangu na kigaloni chake kitupu mkononi, akaenda kununua maziwa kwa mwanamke aliyekaa nyuma yangu. Huyo Amino amekunywa maziwa yangu tangu watoto wake hawajaota meno. Nikamwita. Aligeuka nusu, akaniita shangazi kama kawaida, akasema, "Leo hatuhitaji, eddo," na huku nyuma yake maziwa yanaingia kigaloni, nayasikia yakimiminika.

Watu wa soko hili huniita mvumilivu, na mimi sijawahi kuwakatalia. Nilifunika mtungi kwa kitambaa, nikangoja mwingine. Mwingine naye akapita. Aliyemfuata akasimama, akatazama maziwa, akanitazama mimi, akaondoka bila salamu. Asubuhi nzima walipita hivyo, kama nimekaa na maiti.

Rukiyo, ambaye mtungi wake na wangu hukaa ubavu kwa ubavu, alikuwa anachora mchanga kwa kidole. Nikamwuliza, "Naa, mimi nimefanya nini?"

"Si wewe." Alizungusha kidole mchangani. "Wanasema nyumbani kwako kuna fairas."

Mimi nilisikia farasi. Kwetu hata kwa Kisomali farasi ni *faras*, na Rukiyo ana kinywa cha haraka. Nikacheka. "Farasi? Nimlishe nini, na mbuzi wenyewe hawana majani?"

Rukiyo hakucheka. "Si farasi, Isnino. Fairas. Ile ya mbuzi. Wanasema msichana wako ameileta ofisini kwa Bulle, ikaingia kwenye kombyuta, na sasa kombyuta haiwezi kutembea."

Hapo kicheko changu kilikauka.

Msomaji wa mbali labda hajui neno hilo lina uzito gani kwetu. Mwaka wa tisini na nane ndio ulikuwa unaisha. Mwanzoni mwake mvua ile isiyokatika ilikuwa imetuacha na maji malishoni, na mbu wengi kama moshi. Mbuzi walianza kutupa mimba, kisha kufa. Baadaye watu wakaanza kutoka damu puani. Gari la mifugo lilikuwa likipita na kipaza sauti, likisema virusi, vairasi, msichinje mnyama mgonjwa, msinywe maziwa mabichi. Sisi hatukulijua neno hilo kabla. Tulifundishwa na gari lile, na wengine wetu tulikuwa tunatoka kuzika tulipolisikia. Vinywani mwetu "v" haikai vizuri, kwa hiyo vairasi ya madaktari ikawa fairas. Halafu mtu mzima, mwenyekiti kama Bulle, analichukua neno kama hilo na kulitupa juu ya mtoto wa watu, na mimi mtoto huyo ndiye niliyebaki naye.

Ruweyda ni binti wa mwanangu aliyefariki. Nilimlea kwa mtungi huu huu. Alisoma mpaka kidato cha nne, nikampeleka Nairobi, Eastleigh, kwa jamaa zetu, akajifunza kupiga chapa na kompyuta. Aliporudi Garissa akapata kazi kwenye chama cha wafugaji ambacho Mzee Bulle ni mwenyekiti wake. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika ripoti ya familia ambazo homa ile ilizimalizia mbuzi, ili wafadhili walete mbuzi wengine. Familia zinangoja mbuzi, mbuzi wanangoja ripoti, na ripoti iko ndani ya laptopu ambayo haitembei. Sasa watu walishaambiwa nani ameizuia.

Nilirudi nyumbani mchana na mtungi mzito vile vile nilivyoutoa. Ruweyda alikuwa amekaa mkekani, buibui bado liko mwilini, hata viatu hajavua.

"Umeuza, ayeeyo?"

"Niambie kwanza fairas ya kombyuta ni nini."

Akafunga macho. "Imefika sokoni?"

"Imefika, imekaa, imekunywa chai. Niambie."

Akaniambia. Alisema virusi vya kompyuta ni maandishi mabaya ambayo mtu mkorofi ameyatunga, yanahama kwa diski, kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Hayahami kwa pumzi wala kwa maziwa, na mbuzi hawayajui. Mzee Bulle alikuwa amepiga simu duka moja la Nairobi, akawaambia kompyuta inakwenda polepole. Mtu wa dukani, bila kuiona, akasema huenda ni vairasi, umuulize karani wako diski zake anazitoa wapi. Bulle hakuchukua lile "huenda". Aliweka simu chini na kutoka nje, akawaambia wanaume wa barazani kwamba Ruweyda ameleta fairas kutoka Nairobi.

"Na iko kweli?" nikamwuliza.

"Haiko. Nimeipima kwa diski ya kupimia, mara mbili. Haiko, ayeeyo."

"Sasa ina nini?"

"Ina joto."

Nilimtazama. Garissa hii, nani hana joto?

"Sikiliza," akasema. "Asubuhi nikiiwasha inakwenda vizuri, haraka kuliko vidole vyangu. Nikifika ukurasa wa pili nabonyeza herufi, nakaa naingoja itoke. Nabonyeza nyingine, zinatoka mbili kwa pamoja kama zimetoka usingizini. Nikiizima ikapoa, inarudi kama mpya. Niliisoma kwenye kitabu chake. Ikizidi joto inajipunguzia mwendo yenyewe, isiungue. Haijaharibika. Inajiokoa."

"Na joto limetoka wapi?"

"Ayeeyo. Si umeliona lile koti?"

Nililiona. Nani hakuliona? Mzee Bulle ana redio ambayo Garissa nzima inaijua kwa koti lake. Koti la ngozi, lina vitundu mbele vya sauti kupita, vifungo vya shaba, na mkanda wa kuvaa begani. Jioni akienda kusikiliza habari na wazee wenzake, redio huenda imevaa kuliko yeye. Laptopu ilipofika kutoka kwa wafadhili, alisema kitu cha wageni hakikai uchi. Akaipeleka kwa fundi wa ngozi, fundi akaipima juu na chini kama anampima bwana harusi. Koti lilishika tumbo, mgongo na mbavu zote mbili. Ndani liliwekwa ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, ili lisiikwaruze. Fundi aliacha tundu la waya wa stima na tundu la diski. Vile vitundu vidogo vya ubavuni na chini, ambavyo feni inapitishia hewa, alidhani ni pambo, akavifunika vizuri mdudu asiingie. Juu ya kifuniko likachomwa jina kwa chuma cha moto: BULLE.

"Si ulivue?" nikasema.

"Nililivua siku moja. Iliandika mpaka adhuhuri bila kusimama. Halafu adeer Bulle akaingia." Ruweyda aliiga sauti yake, na hata katika uchungu ule aliiga vizuri. "'Naa, umeivua nguo kombyuta yangu mbele ya wanaume?' Wote wakacheka. Yeye hakuwa anatania, ndiyo maana akakasirika zaidi. Akalivalisha mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akasema nikiligusa tena niondoke."

"Ulimweleza habari ya joto?"

"Nilimweleza. Akasema redio yake ina koti miaka yote na haijawahi kunyamaza." Ndipo akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani. "Kamati inakaa Ijumaa baada ya swala. Wakikubaliana naye, ufunguo wa ofisi nampa Abdiwali."

Abdiwali ni mtoto wa dada yake Bulle. Tangu laptopu ifike amekuwa akiegemea mlango wa ofisi ile kama mtu aliyeahidiwa kiti.

"Na ukiondoka?"

"Hapa mjini ni ofisi gani itamchukua msichana wa fairas?"

Hakulia. Angelia ningepoa kidogo, nikambembeleza. Hakulia, na mimi sikupoa.

Kesho yake sikwenda sokoni. Nilikwenda kwenye hoteli ya chai iliyo karibu na ofisi ya chama, mahali Bulle anapokunywa chai ya maziwa na wanaume wake. Nilisimama kivulini mpaka akaniona, na alichelewa kuniona makusudi. Redio ilikuwa mezani, imevaa koti lake.

"Abaayo Isnino," akasema, kana kwamba mimi ni dada yake. "Karibu. Maziwa leo yako wapi?"

"Maziwa yangu unajua yaliko. Yako mtungini yanachacha, kwa neno lako."

"Neno gani?"

"Umesema msichana wangu ana fairas."

"Sikusema yeye ana fairas. Nilisema ameleta." Akawatazama wenzake. "Sasa watu wakisikia nusu, ni kosa la mdomo au la masikio?"

Wakacheka. Nikangoja wamalize. Nimezoea kungoja; ngamia wa kukamuliwa naye huwezi kumharakisha.

"Bulle," nikasema, "sikuja kugombana. Nimekuja na ombi dogo. Livue lile koti asubuhi moja tu. Moja. Ikiandika vizuri, utajua ni joto. Isipoandika, mimi mwenyewe nitamleta Ruweyda na ufunguo."

"Nani amekwambia ni joto?"

"Ruweyda. Na kitabu cha kombyuta yenyewe."

"Kitabu kimeandikwa na wazungu wa baridi. Wao kikombe cha chai wanakiita joto." Akapiga redio yake kofi dogo la mapenzi. "Hii nimetembea nayo mpaka Griftu, nimelala nayo Sangailu, jua linapasua mawe. Koti halijatoka. Imewahi kuugua?"

"Redio si kombyuta."

"Abaayo, wewe umefika darasa la ngapi?"

Wanaume wakatazama vikombe vyao. Hata wao waliona amevuka. Mimi nilifika darasa la tatu, kila mtu anajua, na hakuna siku nilijidai zaidi. Lakini sikuwa nimekuja kuulizwa mimi. Nilikuwa nimekuja na maneno ya mtu aliyesoma, na yeye akayatazama yale maneno, akaona buibui langu lililofubaa, akaona linamtosha kuyakataa. Nikamwambia, "Nimefika pale ulipofika wewe, Bulle. Tulikuwa dawati moja, na wewe ulikuwa unachungulia kwangu."

Sikungoja kuona nani amecheka.

Arbia, jirani yangu, ana mtoto anaitwa Mahat. Huyo anatengeneza kompyuta na redio za mawasiliano huko Dadaab, kwenye shirika moja la misaada, na huja Garissa na ule msafara wa magari unaotembea na askari. Alhamisi alifika, vumbi mpaka kwenye kope. Mamake alimpa maji, akala, akalala. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwao. Arbia aliniambia rudi jioni, Isnino, mtoto amechoka. Nikasema mwache alale, mimi siko mbali. Nikakaa. Alipoamka aliniona pale pale, akamtazama mamake.

"Tangu saa ngapi?"

"Usiulize," Arbia akasema. "Msikilize tu, hataondoka."

Nikamweleza yote. Mahat alikuwa anaosha uso, akasimama na maji yakimdondoka kidevuni nilipofika kwenye koti.

"Lina manyoya ndani?"

"Lina manyoya."

"Subhanallah." Akachukua taulo. "Eddo, nikueleze. Chukulia kwamba una ngamia, umempakia mzigo mzito, halafu jua—"

"Wacha ngamia," nikamkatiza. "Kila mtu akiniona anatoa ngamia. Niambie ilivyo."

Akacheka, akaona aibu, akaketi. Akaniambia ilivyo. Ndani ya laptopu kuna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, na kikifanya kazi kinatoa joto. Feni inalitoa nje. Feni ikizibwa, joto linabaki, na mashine ikiona joto limepita mpaka inajishusha kasi yenyewe, nusu au chini ya nusu. Haisemi neno. Mtu wa nje anaona uzembe tu, anadhani imeugua au imezeeka.

"Kwa hiyo Ruweyda alisema kweli."

"Alisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi sina cha kuongeza."

"Basi kesho uje useme hivyo hivyo."

"Eddo, mimi ni mtu wa Dadaab. Kamati ni yao. Nikiingilia wazee wa watu—"

"Mahat," mamake akasema kutoka jikoni, "utakwenda."

Ijumaa baada ya swala kamati ilikaa ofisini. Sisi wanawake hatumo kwenye kamati hiyo. Nilisimama mlangoni, na Arbia nyuma yangu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuniambia niondoke. Ruweyda alikuwa kwenye kiti chake, ufunguo wa ofisi ameuweka juu ya meza mbele yake. Laptopu ilikuwa imevaa. Abdiwali alikuwa ameegemea ukuta.

Mzee Aden, mkubwa wao kwa umri, alifungua kwa dua. Kisha Bulle akasema maneno yake: kwamba kazi imesimama, kwamba familia zinalia, kwamba duka la Nairobi limethibitisha.

"Halikuthibitisha," Ruweyda akasema polepole. "Lilisema huenda."

"Unaona? Hata kwa simu anabishana."

Mahat akaomba nafasi. Akasema ana kazi moja fupi. Akamwomba Ruweyda aandike barua aliyokuwa nayo, laptopu ikiwa vile vile ilivyo, na koti lake. Akaandika. Mwanzoni herufi zilikuja. Baada ya muda zikaanza kuchelewa. Alibonyeza, akainua mikono, sote tukatazama kioo, herufi ikatoka kama mtu anayeitwa kuoga maji ya baridi. Mzee Aden akaegemea mbele na miwani yake.

"Imelala," akasema.

"Ni fairas hiyo," Bulle akasema. "Si mnaona kwa macho?"

"Wazee," Mahat akasema, "wekeni mkono hapo chini, kati ya koti na mashine."

Walitazamana. Hapo ndipo nilipoona uongo ule umefanya kazi gani: watu wazima, wenye ndevu za hina, walikuwa wanaogopa kuishika. Mmoja akaficha mkono kabisa ndani ya shuka yake. Mzee Aden akasema bismillahi, akaingiza vidole, akavitoa haraka.

"Hii inapika," akasema.

"Kila kitu Garissa kina joto," Bulle akajibu. "Hata mimi nina joto. Nimepunguza mwendo?"

"Kidogo," Aden akasema, na chumba kikacheka.

Mahat akafungua kifungo cha kwanza. Akafungua cha pili. Alipofika cha tatu Bulle akaweka kiganja juu ya kifuniko, juu ya jina lake.

"Hapana. Tengeneza unavyotaka, lakini hili hulivui mbele ya watu. Hii ni heshima yangu."

Mahat akaondoa mikono. Alikuwa kijana, naye alikuwa mgeni mle. Ruweyda alitazama ufunguo. Nikaona wazee wanaanza kujikunja kwenye viti vyao, ule mkunjo wa watu wanaotafuta njia ya kumpendeza mwenyekiti na kwenda nyumbani kula. Dakika ile ingepita, na mtoto wangu angetoka pale na jina la mbuzi aliyekufa.

"Bulle," nikasema kutoka mlangoni. Sauti yangu haikuwa kubwa. "Heshima yako iko kwenye ngozi hiyo. Yangu iko kwenye msichana huyo. Yako jioni utaivalisha tena, ifunge vifungo vyote. Yangu ulishaivua sokoni, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikitazama. Ondoa mkono."

Feni ya darini ilikuwa inazunguka na kulia. Mzee Aden akavua miwani, akasema, "Ondoa mkono, Bulle."

Akauondoa.

Koti lilitoka kwa shida, limenata kwa jasho la mashine. Mahat alipoigeuza laptopu, vitundu vya feni havikuonekana. Vilikuwa vimejaa manyoya, meupe na meusi, yamekamatana na vumbi mpaka yamekuwa kama kofia ndogo. Akatafuta kitu mfukoni, akatoa mswaki wa mti ambao hajautumia, akautafuna ncha, akaanza kuyachokoa. Alivuta fungu moja, likaja na jingine. Akaliweka mezani mbele ya kamati.

Mzee Aden akaliinua kwa vidole viwili, akaliangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi niliambiwa mna farasi humu," akasema. "Kumbe ni mbuzi."

Walicheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa kilemba. Abdiwali naye alicheka, akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza. Bulle hakucheka. Mimi pia sikucheka. Nilikuwa nafikiria siku zile za maziwa kumwagwa, na Amino akigeuka nusu.

Mahat akaiwasha. Akaweka kiberiti kimoja chini ya kila kona ili hewa ipite, akamwambia Ruweyda aandike. Feni ndogo ikaanza kuvuma, sauti ambayo Ruweyda alisema hajawahi kuisikia tangu koti lishonwe. Aliandika ukurasa ule, akaandika mwingine, herufi zikimfuata vidole bila kuachwa. Aliandika mpaka wazee wakachoka kutazama, na bado haikulala.

Bulle akasafisha koo. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi, fairas imetoka. Msichana aendelee na kazi yake. Tufunge kwa dua."

Nilifungua mdomo, lakini Ruweyda alinitangulia. Alisimama. Akausukuma ufunguo mpaka katikati ya meza, pale manyoya yalipokuwa.

"Adeer, haikutoka, kwa sababu haikuingia."

"Si umerudishwa kazini? Unataka nini tena?"

"Kazini sikuwa nimetoka. Ulinitoa sokoni." Alisema kwa heshima, macho chini. "Neno lile ulilipeleka kwa watu kwa mdomo wako. Ukilirudisha kwa mdomo wako, nitachukua ufunguo na ripoti itakwisha. Kama sivyo, Abdiwali yupo, na sasa mashine ni nzima. Aandike."

Wote walimtazama Abdiwali. Abdiwali alitazama zile herufi nyingi za laptopu, kisha akatazama mlango. Mjini kila mtu anajua kwamba Abdiwali hupiga chapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe hukipoteza njiani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mahali pangu, mtungi umejaa, Rukiyo ubavuni. Wanunuzi walipita vile vile. Jua lilikuwa limeshapanda nilipoona watu wanampisha Bulle. Hakuwa na redio. Sijawahi kumwona bila redio tangu aoe mara ya pili. Bega lake lilionekana uchi. Mzee Aden alikuwa nyuma yake kidogo, kama mtu aliyekuja kuhakikisha ngamia mkaidi anafika mtoni.

Alisimama mbele yangu. Soko la maziwa likanyamaza kwanza, halafu na la mboga.

"Nipe kikombe," akasema.

Nikachota, nikampa. Akanywa chote pale pale, wamesimama watu wanamtazama. Akapangusa masharubu kwa nyuma ya mkono.

"Hakuna fairas," akasema. "Sikieni nyote. Nyumbani kwa Isnino hakuna fairas, na kwenye kombyuta haikuwepo. Msichana hakuleta kitu. Ilikuwa joto. Ni kosa la koti."

Akanirudishia kikombe. Nilikishika, lakini sikukivuta. Tukawa tumekishika wote wawili.

"Koti la nani?" nikauliza.

Aden nyuma yake alitazama mbingu. Rukiyo aliacha kuchora mchanga.

"Isnino," Bulle akasema.

"Nimeuliza tu. Soko hili lina makoti mengi."

Mimi sina haraka, nilishasema. Mwisho akasema, na safari hii hata wanawake wa vitunguu walisikia: "Koti langu."

Nikakiachilia kikombe, kisha nikakipokea vizuri, kwa mkono wa kulia, kama inavyofaa. Bulle akaondoka. Rukiyo akasema kwa sauti ya chini, "Allah, Isnino," na sikujua kama ananisifu au ananiogopa. Nilimwona Ruweyda mbali, upande wa barabara ya ofisini, anatembea haraka, ufunguo unamning'inia kidoleni.

Kidogo kidogo watu wakaanza kuja. Mama mmoja wa jirani, kisha wapishi wa hoteli. Hakuna aliyetaja lolote. Walileta vyombo vyao, nikachota. Halafu nikaona kigaloni ninachokijua kimenyooshwa mbele ya uso wangu, na Amino juu yake anatabasamu kana kwamba tulikutana jana kwenye harusi.

"Eddo, niwekee kama kawaida."

Nikafunga mtungi, nikaukaza kifuniko kwa viganja viwili.

"Yamekwisha," nikamwambia.

Alitazama mtungi, akanitazama mimi. Mtungi ulikuwa bado mzito, na yeye aliuona.